Kutengeneza visanduku vya tiki vinavyobofyeka katika slaidi za PowerPoint, hatua kwa hatua

Kila ninapomaliza kufundisha kikundi hapa Goma, hubaki mtu mmoja au wawili nyuma ya wengine, kompyuta ikiwa bado wazi mapajani, na swali lao huwa lile lile: "Nimeweka visanduku kwenye slaidi, lakini nikivibofya havifanyi kitu, slaidi inaruka tu kwenda mbele." Wengine hunitumia faili usiku kwa WhatsApp wakiniomba niwatengenezee kabla ya asubuhi. Nimechoka kujibu vipande vipande, basi jibu zima ni hili.

Tunachotaka kupata ni kitu rahisi kukieleza. Slaidi ina orodha, na mbele ya kila jambo pana kisanduku kitupu. Wakati wa kuwasilisha, mtu akibofya kisanduku, tiki inatokea na mstari unayapitia maneno kuonyesha kwamba jambo hilo limekamilika. Akibofya tena, tiki na mstari vinaondoka. Mtu anaweza kuanza na jambo la tatu, akarudi la kwanza, akaacha la pili, bila slaidi kuvurugika.

Mfano nitakaoutumia ni orodha ninayoifahamu vizuri, ya mfuko wa dharura wa familia inayoishi chini ya volkano ya Nyiragongo. Tangu Mei 2021, lava iliposhuka tarehe 22 na siku chache baadaye watu wa mitaa mingi wakaambiwa wahame, mafunzo ya namna hii yameongezeka, na orodha yake inafaa kabisa kwa visanduku: karatasi za muhimu, maji ya kunywa, dawa, tochi na redio ndogo yenye betri. Wewe weka orodha yako, iwe ya darasa, ya kanisa au ya duka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye PowerPoint iliyosakinishwa. Toleo la 2010 au lolote lililofuata litakufaa. Simu haifai kwa kazi ya kutengeneza.
- Kipanya cha kweli, hata kile cha bei ndogo. Kupanga maumbo madogo kwa kidole kwenye kibao cha laptopu ni kujitesa.
- Orodha iliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi, isiyozidi mambo sita kwa slaidi moja.
- Nusu saa yenye umeme, au betri iliyojaa. Hifadhi faili kila baada ya hatua mbili, kwa sababu umeme wa hapa haubishi hodi unapoondoka.

Kompyuta nyingi za kwetu zina PowerPoint ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini hizo. Kama yako iko katika lugha nyingine, mahali pa vitufe ni pale pale. Fuata nafasi yake.

Jambo moja la kuelewa, na moja tu

Katika kazi hii kuna kitu kinachobofywa na kuna kitu kinachotokea au kuondoka, na mara nyingi hivyo ni vitu viwili tofauti. Uhuishaji, yaani mwendo unaofanya kitu kitokee au kiondoke, huwekwa juu ya kile kinachotokea. Kichochezi, ambacho PowerPoint inakiita "Déclencheur", ni maagizo yanayouambia uhuishaji huo: subiri mpaka kitu fulani kibofywe. Wanaoanza karibu wote huchagua kisanduku kitupu na kukiwekea uhuishaji, kisha wanashangaa kuona kisanduku chenyewe kinapotea au kinazunguka badala ya tiki kutokea. Ukishika kwamba uhuishaji ni wa tiki na kichochezi ni kisanduku, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Swali jingine huulizwa sana: vile vialama vya mraba vinavyowekwa mbele ya mistari kwa kitufe cha "Puces" ni mapambo ya maandishi. Havibofyeki na havitabofyeka, kwa sababu kichochezi hukubali umbo zima tu. Hakiwezi kushika mstari mmoja ndani ya kisanduku cha maandishi. Ndiyo maana tunachora maumbo yetu wenyewe, na kila jambo la orodha linakaa katika kisanduku chake cha maandishi.

Hatua za kufuata

1. Fungua slaidi tupu. Andika kichwa, kwa mfano "Mfuko wetu wa dharura". Usiandike orodha ndani ya ile nafasi kubwa ya maandishi inayokuja na slaidi; ifute.

2. Nenda "Insertion", kisha "Formes", uchague mstatili. Shikilia kitufe cha Shift huku ukivuta ili upate mraba kamili. Upana wa sentimita 1,2 hadi 1,5 unatosha. Mraba mdogo kuliko hapo utakuwa shida kwa mtu anayebofya akiwa amesimama mbele ya watu, na zaidi kama skrini ni ya kugusa kwa kidole. Upe mraba huo rangi nyeupe ndani na mpaka mweusi au wa kijivu. Usiuache bila rangi ya ndani. Sababu nitaieleza kwenye makosa.

3. Ukiwa umeuchagua mraba huo, bonyeza Ctrl na D ili upate nakala yake. Nakala hii ndiyo tiki. Ijaze rangi ya kijani, kisha bofya ndani yake uandike alama ya tiki kwa rangi nyeupe. Ili kuipata alama, weka kwanza kishale cha kuandikia ndani ya mraba, nenda "Insertion", kisha "Symbole", chagua fonti ya Segoe UI Symbol, na katika nafasi ya "Code du caractère" andika 2713. Bofya "Insérer". Kitufe cha "Symbole" hubaki kimefifia mpaka kishale kiwe ndani ya maandishi, kwa hiyo usidhani kompyuta yako imeharibika.

   Wengi huchukua tiki kutoka fonti ya Wingdings, na kwenye kompyuta yao inaonekana vizuri kabisa. Lakini tiki ile kwa ndani ni herufi ü iliyovishwa nguo ya Wingdings. Faili ikifunguliwa kwenye simu au kompyuta isiyo na fonti hiyo, nguo inavuka, na washiriki wanaona safu ya ü ü ü mbele ya orodha. Iepuke.

4. Kabla ya kupanga chochote, yape maumbo majina. Nenda "Accueil", kisha "Organiser", kisha "Volet Sélection", au bonyeza Alt na F10 kwa pamoja. Upande wa kulia itafunguka orodha ya kila kitu kilichomo kwenye slaidi, kikiwa na majina kama "Rectangle 4" na "Rectangle 5". Bofya mara mbili juu ya jina ulibadilishe: mraba mweupe uuite tupu1, wa kijani uuite tiki1. Najua hatua hii inaonekana ya kupoteza muda. Utakapokuwa na visanduku vitano na PowerPoint inakuuliza kichochezi ni "Rectangle 4" au "Rectangle 17", utaona kwa nini niliisisitiza.

5. Ongeza kisanduku cha maandishi upande wa kulia wa mraba, andika jambo la kwanza, "Karatasi za muhimu", na ukiite maneno1. Herufi za ukubwa wa 28 zinasomeka hata na waliokaa nyuma. Kisha chora mstari mnyoofu kutoka "Formes", upite katikati ya maneno hayo, unene wake uwe kama pointi 3, na uuite mstari1.

6. Sasa iweke tiki juu ya mraba mtupu. Chagua tupu1 na tiki1 pamoja ukishikilia Shift, nenda "Organiser", kisha "Aligner", ubofye "Centrer", kisha rudi ubofye "Aligner au milieu". Mraba wa kijani sasa unaufunika mweupe kabisa. Angalia katika "Volet Sélection" kwamba tiki1 iko juu ya tupu1 katika orodha. Kilicho juu kwenye orodha ndicho kilicho mbele kwenye slaidi. Kama mpangilio ni kinyume, iburute tiki1 ipande.

7. Chagua tiki1 peke yake. Kwa kuwa maumbo yamelaliana, njia ya uhakika ni kubofya jina lake katika "Volet Sélection". Nenda "Animations" uchague "Apparaître", ile yenye nyota ya kijani. Uhuishaji wenye mbwembwe, wa kuzunguka na kurukaruka, utapendeza mara ya kwanza na kuchosha mara ya tano. Kisanduku cha tiki kinapaswa kujibu papo hapo.

8. Bila kuacha kuichagua tiki1, bofya "Déclencheur", nenda kwenye chaguo linalohusu kubofya, na katika orodha ya majina chagua tupu1. Fungua "Volet Animation" uangalie: juu ya uhuishaji wako sasa kuna mstari ulioandikwa "Déclencheur" ukifuatiwa na tupu1, na kwenye slaidi, pembeni ya umbo, ile namba ya kawaida imegeuka kuwa alama ndogo ya umeme. Usipouona umeme, kichochezi hakijashika.

9. Sasa ni zamu ya kuiondoa. Ikiwa bado ni tiki1 uliyoichagua, bofya "Ajouter une animation" na uchague "Disparaître", yenye nyota nyekundu, kule chini ya orodha. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ukichagua "Disparaître" moja kwa moja kutoka kwenye safu ya nyota bila kupitia "Ajouter une animation", PowerPoint inaifuta ile ya kwanza na kuweka hii mpya mahali pake, bila kukuonya. Kisha bofya "Déclencheur" na safari hii uchague tiki1 yenyewe.

   Umeona kinachofanyika? Mraba mweupe ukibofywa, wa kijani unatokea na kuufunika. Sasa kidole kinachobofya pale pale kinaugusa wa kijani, nao unajiondoa na kuuacha mweupe wazi. Hakuna kinachohesabiwa wala kukumbukwa, kwa hiyo hakuna cha kuchanganyikiwa hata mtu akibofya mara kumi mfululizo.

10. Bonyeza Shift na F5 ili uanze onyesho kutoka slaidi hii, ujaribu. Visanduku hivi havifanyi kazi mpaka onyesho liwe linaendelea. Ukivibofya katika hali ya kuhariri unavichagua tu. Usiende hatua ya 11 kabla kisanduku hiki kimoja hakijafanya kazi sawasawa, kwa maana kosa utakalolinakili mara tano utalisahihisha mara tano.

11. Ongeza mstari unaokata maneno. Chagua mstari1, weka uhuishaji wa "Balayer", na katika "Options d'effet" uchague uanzie kushoto. Kichochezi chake ni tupu1, kama tiki. Katika nafasi inayoonyesha jinsi uhuishaji unavyoanza, badilisha "Au clic" iwe "Avec la précédente", na uhakikishe katika "Volet Animation" kwamba mstari1 uko chini ya tiki1, ndani ya kichochezi kile kile. Halafu pitia "Ajouter une animation", uchague "Disparaître", kichochezi kiwe tiki1, na mwanzo wake pia uwe "Avec la précédente". Ukisahau kubadilisha mwanzo, mbofyo wa kwanza utaleta tiki na mstari hautatokea.

12. Sasa nakili. Chagua vitu vyote vinne vya jambo la kwanza, bonyeza Ctrl na D, ushushe nakala chini ya safu ya kwanza, ubadilishe maneno. Rudi kwenye "Volet Sélection" uvipe majina mapya: tupu2, tiki2, mstari2, maneno2. Mara nyingi nakala hubaki na jina lile lile la zamani, na ukiacha hivyo utakuwa na tupu1 mbili katika orodha ya vichochezi bila kujua ipi ni ipi. Baada ya kuzipa majina, fungua "Volet Animation" uhakikishe kwamba kila tiki2 na mstari2 zinasubiri tupu2 au tiki2. Ukikuta kimoja kinamsubiri jirani, kichague na urudie "Déclencheur". Fanya hivyo safu baada ya safu mpaka orodha iishe.

13. Hatua ya mwisho ndiyo inayookoa onyesho. Nenda "Transitions", na upande wa kulia kabisa, kwenye sehemu inayohusu kupita slaidi inayofuata, ondoa alama kwenye kisanduku cha kubofya kipanya. Kuanzia hapo, mbofyo uliokosa kisanduku hautairusha slaidi. Ukitaka kuendelea, tumia kishale cha kulia cha kibodi, ambacho bado kinafanya kazi kama kawaida.

Niliiruka hatua hii ya 13 mara moja, na sijairuka tena. Tulikuwa katika chumba chenye watu wapatao ishirini, na nilimwomba mama mmoja aliyekaa mbele aje abofye yeye mwenyewe kile ambacho tayari anacho nyumbani kwake. Alisimama, akafunga kitenge vizuri, akashika kipanya kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai, na akabofya nusu sentimita pembeni ya kisanduku cha maji. Slaidi ikaruka. Skrini nzima ikaandika "Asanteni kwa kusikiliza". Akanigeukia: "Mwalimu, kwani tumemaliza?" Chumba kikacheka, naye akaweka kipanya chini na kurudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyekubali kuja mbele tena asubuhi hiyo. Alikuwa amebofya karibu vya kutosha. Slaidi yangu ndiyo iliyokuwa haijakamilika.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

La kwanza ni kutumia umbo lisilo na rangi ya ndani. Umbo lililowekwa "Aucun remplissage" halina mwili: mbofyo unapita katikati yake kama mkono unaopita kwenye dirisha lisilo na kioo, na ni mpaka wake mwembamba au maandishi yake tu yanayohisi kitu. Ndiyo maana nimetumia mraba mweupe na wa kijani, yote miwili imejaa. Kama unapenda tiki peke yake ionekane juu ya mraba mweupe bila kijani, ibadilishe alama yenyewe kutoka nyeupe iwe rangi inayoonekana, ujaze mraba wake rangi yoyote, kisha upandishe uwazi wake, "Transparence", hadi asilimia 99. Jicho halitaiona, lakini kipanya kitaihisi.

La pili ni kuyaunganisha maumbo kuwa kundi kwa Ctrl na G baada ya kuweka uhuishaji, eti yasitawanyike. PowerPoint inapounda kundi hufuta uhuishaji wa kila kilichoingia humo. Kama umefanya hivyo sasa hivi, usivunje kundi ukitumaini uhuishaji utarudi, maana hautarudi. Bonyeza Ctrl na Z. Kama ulifanya jana na ukahifadhi, rudi hatua ya 7.

La tatu ni rimoti. Kile kirimoti cha mkononi cha kupitishia slaidi kwa kawaida hutuma amri za "mbele" na "nyuma" tu, sawa na vishale vya kibodi, na hakiwezi kuchochea kisanduku. Visanduku vinataka kipanya, kibao cha laptopu au skrini ya kugusa. Nimewaona watu wakikibonyeza kirimoti kuelekea kisanduku kwenye ukuta kana kwamba wanabadilisha chaneli ya televisheni.

Na kuna ombi ambalo huja kila mara: je, ujumbe kama "Mfuko uko tayari" unaweza kutokea wenyewe visanduku vyote vikishajazwa? Kwa uhuishaji peke yake haiwezekani, kwa sababu vichochezi havihesabu. Ingebidi kuandika makro, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya faili, na kuhifadhi faili kwa aina ya .pptm, na kompyuta nyingi za ofisi huzizuia faili hizo zisiendeshe makro, kwa hiyo unaweza kufika ukumbini na kazi yako yote ikiwa imefungiwa. Ushauri wangu ni kuweka kitufe kimoja chini ya slaidi kilichoandikwa "Tumemaliza?", ukipe kichochezi chake, nawe ukibofye mwenyewe mnapofika mwisho. Washiriki hawataona tofauti. Vivyo hivyo, kile kisanduku kilichomo kwenye kichupo cha "Développeur" kipo, lakini hakifanyi kazi nje ya Windows na sura yake huwezi kuirembesha sana. Kwa wanaoanza sikipendekezi.

Kikikataa

*Tiki zote zinaonekana tangu slaidi inapofunguka.* Kwenye "Volet Animation", uhuishaji wa kuondoka umetangulia ule wa kutokea. PowerPoint hulificha umbo mwanzoni ikiwa uhuishaji wake wa kwanza ni wa kutokea, na huliacha wazi ikiwa wa kwanza ni wa kuondoka. Buruta sehemu ya kichochezi cha tupu iwe juu ya ile ya tiki. Ikigoma kuburutika, futa "Disparaître" na uiongeze upya. Itaingia chini yenyewe.

*Tiki inatokea lakini haiondoki.* Ama uliisahau hatua ya 9, ama kichochezi cha "Disparaître" si tiki1 yenyewe. Hakikisha katika "Volet Animation".

*Nikibofya kisanduku cha kwanza, tiki ya tatu ndiyo inayotokea.* Hili ni tatizo la majina yaliyofanana baada ya kunakili. Chagua tiki inayokosea, bofya "Déclencheur", uchague upya.

*Hakuna kinachotokea, wala slaidi haisogei.* Pengine kuna umbo jingine limelala juu ya kisanduku bila wewe kuliona. Mara nyingi ni kisanduku cha maandishi kilichovutwa kuwa kirefu kupita kiasi. Kipunguze upana.

*Nilianza onyesho upya na tiki zote zimefutika.* Hiyo ndiyo tabia yake. Alama hizi zinaishi wakati wa onyesho tu, na hazihifadhiwi ndani ya faili. Ukitaka kumbukumbu ya kilichojazwa, piga picha ya skrini kabla hujaondoka, au uwe na karatasi ya kujaza kando.

*Kwenye kompyuta ya ukumbi haifanyi kazi.* Angalia kwanza kama faili imefunguliwa kwa Google Slides. Huko hakuna vichochezi kabisa. Njia ya kuzunguka ni kutengeneza nakala za slaidi, moja ikiwa tupu na nyingine ikiwa na tiki, kisha kuunganisha kisanduku kwa kiungo kinachopeleka kwenye nakala nyingine. Kwa orodha ya mambo mawili inavumilika, lakini kwa mambo matano ambayo yanaweza kujazwa kwa mpangilio wowote utahitaji slaidi 32, na hapo ni afadhali ubebe laptopu yako mwenyewe. Halafu angalia aina ya faili: ihifadhi kama .pptx, si ile ya zamani ya .ppt. Ukiihifadhi pia kama .ppsx, itafunguka moja kwa moja katika onyesho, na hiyo inasaidia unapomkabidhi mtu mwingine flashi.

*Nimegeuza kuwa PDF ili niwachapishie washiriki, na visanduku vyote vimejaa tiki na maneno yote yamekatwa.* PDF haijui uhuishaji. Inachukua kila kilichopo kwenye slaidi na kukibandika. Tengeneza nakala ya slaidi kwa ajili ya kuchapisha, fungua "Volet Sélection", na ubofye jicho lililo kando ya kila tiki na kila mstari ili vifichike. Fanya hivyo kwenye nakala tu, kwa maana ukiyafunga macho hayo kwenye slaidi ya kuwasilisha, tiki haitatokea hata uibofye namna gani.